Tumbo haliwezi kusubiri roboti: maswali na majibu kuhusu upasuaji wa siku hizi

Nafanya kazi wodi ya upasuaji na haya maswali naulizwa karibu kila siku, na mengine naulizwa mgonjwa akiwa ameshachelewa. Kuna jibu moja mtaliona linarudi rudi humu, nimelirudia makusudi.

Ni kweli siku hizi watu wanapasuliwa kwa matundu tu bila kuchanwa tumbo?

Kweli kabisa, inaitwa laparoskopia. Daktari anatoboa matundu madogo matatu au manne, mengi hayazidi sentimita moja, anajaza gesi ya kaboni dayoksaidi tumboni ili apate nafasi, anaingiza kamera nyembamba na vifaa virefu halafu anafanya kazi akiangalia kwenye skrini. Sio kitu kipya sana, daktari Mjerumani Erich Mühe alishatoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mwaka 1985. Faida zake ni kweli: maumivu yanakuwa kidogo, kidonda hakisumbui sana na unarudi nyumbani mapema.

Ila ndani kazi ni ile ile. Na ikitokea damu nyingi au daktari akakuta viungo vimeshikana, anaacha matundu anafungua tumbo, na hapo amefanya uamuzi sahihi wa kukulinda, ndugu msianze kusema ameshindwa kazi.

Na roboti je, inapasua yenyewe?

Hapana. Roboti inaendeshwa na daktari. Anakaa kwenye kiti mita chache kutoka kitandani, anaangalia ndani ya mashine, akisogeza vidole vyake vile vifaa vilivyoingia mwilini vinasogea vivyo hivyo, na kutetemeka kidogo kwa mkono kunachujwa. Ile maarufu inayoitwa da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2001 madaktari waliokuwa New York walimtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, bahari nzima ikiwa katikati. Kwa kweli ni maendeleo makubwa, na kwa upasuaji wa sehemu finyu kama tezi dume inasaidia sana. Lakini kwa operesheni za kawaida kama nyongo au ngiri, tafiti hazijaonyesha kwamba roboti inamshinda daktari mzoefu wa matundu ya kawaida. Kwa hiyo usiuze kila kitu ulichonacho kufuata roboti kwa ugonjwa ambao hospitali ya karibu nawe inautibu vizuri.

Nimeambiwa nina kidole tumbo na natakiwa kufanyiwa leo, lakini hospitali hii hawana matundu. Nisubiri nitafute yenye matundu?

Hapana. Usisubiri.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mtu anakuja mapema, anapimwa, anaambiwa ukweli, halafu anasaini karatasi ya kuondoka kwa hiari yake kwa sababu kuna ndugu amempigia simu akamwambia usikubali kuchanwa, kuna sehemu wanatoa kwa matundu. Anaondoka anatembea mwenyewe. Anarudi baada ya siku mbili amebebwa, macho yameingia ndani, midomo imekauka, ukimgusa tumbo limekakamaa kama ubao na hataki hata shuka limguse. Kidole tumbo kimeshapasuka, usaha umesambaa tumbo zima. Sasa ile operesheni ndogo ambayo ingemuacha na mshono mfupi chini kulia imegeuka kufunguliwa tumbo kuanzia juu mpaka chini, kuoshwa ndani, mipira ya kutolea usaha, na wengine wanaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Aliyekuwa anakimbia kovu dogo amepata kubwa, na huyo bado tunasema ana bahati kwa sababu yupo hai.

Madaktari wenyewe wakikwambia hali yako inaruhusu kuhamishwa, au wao ndio wanaokuhamisha, sawa nenda, tena nenda moja kwa moja usipitie nyumbani. Lakini usijihamishe mwenyewe. Muulize daktari swali moja: nikisubiri itakuwaje? Akikujibu kwamba ni hatari, basi kifaa bora ni kile kilichopo hapo ulipo.

Lakini nimemeza dawa ya maumivu na sasa yamepungua, si inaonyesha napona?

Hapana, narudia tena hapana. Dawa ya maumivu inanyamazisha maumivu, haitoi usaha. Na kuna jambo watu hawalijui: kidole tumbo kikipasuka, saa nyingine maumivu yanapoa ghafla kwa muda, kwa sababu ile presha ya ndani imetoka. Mgonjwa anafurahi, analala, ndugu wanashukuru, kumbe ndio hatari yenyewe imeanza, baada ya saa kadhaa homa inapanda na tumbo zima linaanza kuuma.

Dalili zenyewe mara nyingi zinaanza na maumivu kuzunguka kitovu, halafu yanahamia chini upande wa kulia, hamu ya kula inakata, kichefuchefu, homa kidogo. Ukiona hivyo usimeze dawa ya kukufanya uharishe, usipige enema, usikubali mtu akukande tumbo kwa nguvu. Unaweza kukipasua kwa mikono yako mwenyewe jamani.

Mimi nimesoma kwamba kidole tumbo kinatibika kwa antibayotiki bila upasuaji.

Umesoma kitu cha kweli ila umekisoma nusu. Wapo wagonjwa wanaotibiwa hivyo, ambao kidole tumbo hakijapasuka, wamepigwa picha kuthibitisha, na wanafuatiliwa na madaktari wa upasuaji. Hata hao, katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020, karibu 3 kati ya 10 waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90. Sasa wewe kununua vidonge dukani ukameza viwili asubuhi na viwili jioni bila kipimo chochote, hayo sio matibabu waliyopewa wale watu. Huko ni kuchelewa hospitali.

Ngiri yangu ninayo miaka mingi na inarudi nikiisukuma. Kuna haraka gani?

Ikiwa laini, haiumi na inarudi, haraka sio kubwa, nenda kliniki upangiwe, na hapa ndio mahali pa kuulizia matundu na kuchagua hospitali kwa nafasi. Ila siku ikigoma kurudi, ikawa ngumu, inauma, unatapika au choo na hewa havitoki, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Utumbo umebanwa na damu haifiki, unaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Usiisukume kwa nguvu. Usisubiri asubuhi.

Na niseme la vijana hapa hapa maana wanaona aibu kuuliza: maumivu makali ya ghafla ya korodani, hasa kwa mtoto wa kiume au kijana, yanaweza kuwa imejisokota. Kuna kama saa 6 za kuiokoa vizuri, baada ya hapo nafasi inashuka haraka sana. Kijana anakaa kimya usiku kucha kwa aibu, anamwambia mama yake kesho yake, tunaitoa ikiwa imeshakufa. Wazazi waambieni watoto wenu mapema kwamba sehemu hiyo ikiuma waseme, na wakisema msiwaambie watapoa.

Nimeambiwa daktari anayesomea ubingwa ndiye atanipasua. Sitaki mtu ajifunzie kwenye mwili wangu.

Naielewa hofu yako, ni mwili wako. Lakini ujue mafunzo ya upasuaji yamebadilika sana. Zamani utamaduni ulikuwa unaona moja, unafanya moja, unafundisha moja. Siku hizi anaanza mbali na mgonjwa kabisa: kuna maboksi ya mazoezi yenye kamera, anakaa pale anahamisha vitu vidogo kutoka kijiti kimoja kwenda kingine, anafunga mafundo ya uzi kwa vile vifaa virefu mara mamia mpaka mkono uzoee, maana ukisogeza mkono kulia ncha ndani inaenda kushoto, na anatakiwa kupima kina kwa kuangalia skrini bapa. Kuna na mashine za kompyuta zinazoigiza operesheni. Mwaka 2002 utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba madaktari waliofundishwa kwanza kwenye mashine hizo walitenganisha mfuko wa nyongo kwa haraka zaidi na kwa makosa machache kuliko wenzao ambao hawakuzipitia.

Baada ya hapo anaingia thieta kushika kamera, halafu kufunga ngozi, halafu sehemu ya operesheni na mkubwa wake amesimama pembeni, mpaka aaminiwe. Una haki ya kuuliza nani atanipasua, amefanya ngapi za aina hii, nani atamsimamia. Uliza kabla ya kusaini, hakuna daktari mstaarabu atakayekasirika.

Ila kwa dharura usiondoke hospitali kumkimbia kijana. Nilishaona mgonjwa akikataa katakata, anataka bingwa mwenye mvi, ndugu wakamchukua usiku. Alirudi siku ya tatu hali mbaya, na daktari wa zamu alikuwa yule yule kijana, na ndiye aliyemuokoa, tena kwa operesheni ngumu mara tatu ya ile ya kwanza. Daktari mdogo leo ni salama kwako kuliko profesa wa keshokutwa.

Kwa nini madaktari wa upasuaji hawatoshi, na mafunzo yana shida gani?

Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu pale wanapouhitaji, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinahitaji operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Wakapendekeza kila watu 100,000 wawe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi, na nchi nyingi ziko mbali sana na hapo. Watu wanamsahau huyu wa usingizi lakini bila yeye thieta haifunguliwi hata kama kuna wapasuaji kumi wamenawa mikono.

Kumfundisha bingwa mmoja kunachukua miaka kadhaa baada ya udaktari wa kawaida. Halafu kuna mivutano ambayo haina jibu rahisi. Daktari aliyechoka anakosea, ndio maana Marekani mwaka 2003 waliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa walio mafunzoni, na Ulaya ni 48, lakini saa zikipungua na operesheni anazoziona zinapungua. Kitu kingine, kadiri matundu yanavyozidi, madaktari wapya wanafungua matumbo machache, wakati siku ya dharura yenye damu nyingi anayehitajika ni anayejua kufungua vizuri. Binafsi naona hilo linatakiwa kupewa uzito kuliko kununua mashine mpya ambayo ikiharibika hakuna wa kuitengeneza.

Mbona kabla ya upasuaji wananiuliza jina langu mara tano, hawajui wanampasua nani?

Wanajua, wanahakikisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi mwaka 2008: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kuchana, na kabla mgonjwa hajatoka thieta, timu inasimama na kutamka jina, operesheni, upande, mzio wa dawa, na kuhesabu vitambaa na sindano. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8 tofauti, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu. Kwa hiyo wakikuuliza mara ya sita jibu tena kwa ukamilifu.

Kweli lazima nisile? Njaa inaniua.

Lazima. Kwa kawaida chakula saa 6 kabla, vyakula vizito zaidi ya hapo, maji matupu mpaka saa 2 kabla, ila fuata ulivyoelekezwa. Ukiwa nusu kaputi chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Na nyie ndugu mnaoingiza chakula kwa siri chini ya kanga mkiona mnamhurumia, acheni, tafadhali sana. Kama ameshakula semeni ukweli, hatutagomba, tutapanga upya au daktari wa usingizi atachukua tahadhari yake. Uongo ndio unaoua hapo.

Ni saa nane usiku, tumbo limeanza kuuma vibaya na halipoi. Nisubiri kukuche?

Hapana. Tumbo gumu, maumivu yanayozidi, kutapika kusikokoma, uvimbe wa ngiri uliogoma, au tumbo limejaa na choo na hewa havitoki, unaondoka usiku huo huo. Usile wala kunywa njiani maana huenda ukaingia thieta. Beba pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile unazoona aibu kuzionyesha, na ukifika useme mambo matatu kabla hujaulizwa: maumivu yalianza saa ngapi, mara ya mwisho umekula saa ngapi, na umemeza nini.