Ukumbi wa mikutano Arusha: kabla hujauliza kwanini hawaanzi kujenga

Kila nikienda kikao cha mtaa siku hizi swali ni lilelile, ukumbi mkubwa wa mikutano mbona hauanzi, mnazungusha nini. Jamani haraka yenu naielewa. AICC, yaani kituo cha kimataifa cha mikutano hapa Arusha, ni jengo la miaka ya 70, lilikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata likageuzwa la mikutano, na mpaka leo tunaliegemea hilohilo.

Ila watu wanadhani ukumbi ni viti na paa. Tuseme wageni 3,000, asubuhi wanaingia mmojammoja ila chai ya saa nne wanatoka wote kwa mkupuo, sasa kama hakuna sebule pana hapo nje wanabanana mlangoni na vyoo vya wanawake foleni inafika kwenye ngazi. Milango ya dharura ifunguke kwa nje na isifungwe kufuli, hili nalisema kila ukaguzi na kila ukaguzi nakuta kufuli! Lori la viti na gesi ya wapishi liwe na geti lake nyuma, lisikutane na msafara wa viongozi. Vibanda vya wakalimani navyo vichorwe toka mwanzo, vione jukwaa lote, usije kubandika plaiwudi baadae.

Utaratibu sasa. Mchoro wa mipangomiji unapita kwanza, kisha tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC (baraza la mazingira), michoro isainiwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi) na mhandisi wa ERB (bodi ya wahandisi), mkandarasi awe wa CRB (bodi ya makandarasi), zimamoto wapitie, ndo kibali cha ujenzi kinatoka. Ukianza bila kibali unapigwa X nyekundu na amri ya kusimamisha, ukikaidi jengo linabomolewa kwa gharama zako wewe mwenyewe na huo sio uonevu.

Kwenye fidia ya wanaopisha ujenzi ndo uvumi umejaa. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inadai riba, ikipita miaka 2 bila malipo uthamini unarudiwa. Na nyie mnaopanda migomba usiku baada ya mthamini kuondoka, haitalipwa, picha tunazo.

Juzijuzi mzee mmoja alinipeleka kwake kando ya mto Themi, ameshamwaga msingi wa gesti ya kusubiria wageni wa mikutano. Tukavuta tepu kutoka ukingoni, mita 14. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema usijenge ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Alikaa juu ya tofali akanyamaza, na mimi iliniuma kwelikweli maana nondo zile alizinunua kwa kiinua mgongo chake. Kwahiyo naomba, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simenti njoo ofisini kwetu mipangomiji na namba ya kiwanja na kitalu tukufungulie mchoro uone mwenyewe pameandikwa nini.