Kuweka modeli Dropbox si kuifanyia kazi pamoja

"Sisi hatuna shida, modeli yetu iko Dropbox." Modeli ni faili ya jengo zima lililochorwa kwa pande tatu, na Dropbox ni huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni. Kauli hii naisikia kila mara katika ofisi za usanifu zenye tawi Dar es Salaam na jingine Nairobi, na kila nikiisikia najua kuna mtu atapoteza kazi ya siku kadhaa. Nimechoka kuijibu mteja mmoja mmoja.

Faili kuu ya Revit, programu ya Autodesk ya kusanifu majengo, si michoro tu. Ndani yake mna kumbukumbu ya nani ameshika nini. Msanifu wa Nairobi akitaka kubadili ukuta wa ghorofa ya tatu, programu huiuliza kwanza faili kuu kama ukuta huo uko huru, ndipo humwandikia kuwa ameuazima. Wa Dar akiugusa huohuo, anaambiwa una mtu, asubiri. Ulinzi wote umesimama hapo: faili kuu iwe moja, na wote waiulize hiyohiyo.

Dropbox na Google Drive hufanya kinyume. Kila mtu hupata nakala kwenye diski yake, na mabadiliko husafirishwa baadaye. Nairobi inaiuliza nakala ya Nairobi, Dar inaiuliza nakala ya Dar, na zote zinajibu kwamba ukuta uko huru. Ni kiwanja kimoja kuuzwa na ofisi mbili zenye madaftari tofauti: kila mnunuzi ana karatasi mkononi, na ugomvi unaanza siku ya kuchimba msingi. Nakala hizo zikikutana jioni, Dropbox haijui kuunganisha kuta na nguzo. Inachoweza ni kuhifadhi faili ya pili yenye jina la mgongano. Hapo mna modeli mbili, kila moja ina kazi isiyokuwamo katika nyingine, na hakuna kitufe cha kuzifanya moja tena. Mtu atakaa azilinganishe kwa macho, chumba kwa chumba.

Dropbox haina kosa. Kwa PDF na picha za eneo la ujenzi, itumieni. "Basi tutapigiana simu, mmoja akifungua mwenzake afunge," wengine hunijibu. Sawa, lakini huko ni kupokezana, na siku moja simu haitapigwa.

Wanaotaka kweli kuingia kwenye modeli moja wanahitaji kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo: Revit Server, yaani seva ya Revit ya kuweka ofisini, au huduma ya wingu ya Autodesk. Watumiaji wa ArchiCAD, programu nyingine ya kusanifu majengo, wana seva yao, ambayo tangu toleo la 13 la mwaka 2009 husafirisha mabadiliko tu badala ya faili nzima. Asiyeweza kulipia agawanye kazi. Dar iwe na modeli ya usanifu, Nairobi iwe na ya miundo, kila upande uiunganishe ya mwenzake kama kiungo cha kutazama tu, na nakala mpya zibadilishwe siku maalumu ya wiki. Binafsi napenda mpango huu hata kwa wenye fedha, kwa sababu kila modeli inakuwa na mwenyewe.

Nyingine nasikia: "Tukiongeza kasi ya faiba tutafungua moja kwa moja faili iliyo kwenye seva ya London." Kasi unayouziwa ni upana wa bomba, umbali haupungui. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 75, ulipe ulichonacho, na programu hutuma maombi madogo mengi ambayo kila moja husubiri jibu lake. Halafu kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikaumia vibaya.

Na IFC, muundo wa faili unaosomwa na programu tofauti? Ni nzuri kwa kutazama, kukagua sehemu za jengo zinazogongana na kukadiria idadi. Usitegemee kumpa mwenzako ukuta kwa IFC akakurudishia ukuta uleule unaoharirika.

Matoleo nayo: modeli iliyohifadhiwa Revit 2025 haifunguki 2023. Hakuna ujanja. Kubalianeni toleo kabla ya kuanza.

Mwisho, eti modeli zikiwekwa pamoja zitaoana zenyewe. Hazioani. Mchoro wa mpima ardhi wa Dar kwa UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) kanda ya 37 Kusini una namba ya kaskazini inayopita mita 9,200,000, wakati Revit inataka jengo likae ndani ya kilomita 16 kutoka kitovu chake cha ndani, yaani nukta yake ya sifuri. Anayelichora huko mbali atapata mistari iliyopinda na vipimo vya ajabu. Chora karibu na kitovu, kisha tumieni viwianishi vya pamoja, yaani namba za mahali ambazo modeli zote hufuata. Anayevitoa awe mtu mmoja, na avitoe kabla nguzo ya kwanza haijachorwa.