Vumbi la Voi haligawanyiki kwa 87

Juzi tena, mgeni wa chama chetu cha waunda treni ndogo za mfano hapa Manchester, tunaoziunda kwa kipimo cha moja kwa 87, ameinamia meza, akaitazama injini yangu, akasema: "Kumbe kazi ni kugawanya kila kitu kwa 87!" Hapana. Nimechoka kulisikia neno hilo, maana linafuta jasho la mafundi walionifunza.

Naunda mifano ya Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke, zile 34 ambazo Beyer, Peacock waliziunda hapahapa Gorton mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki. Urefu unagawanyika vizuri: mita 31 na ushei zinakuwa sentimita 36. Hesabu inaishia hapo. Njia ya reli yenye upana wa mita moja ingetaka milimita 11.5, zinazouzwa ni za 12. Ukingo wa gurudumu, ule unaolizuia lisitoke relini, kwa injini halisi una kama sentimita 3. Gawanya: theluthi ya milimita. Treni itaruka kwenye kiungo cha kwanza! Basi tunaunenepesha, halafu tunatafuta namna ya kulihadaa jicho.

Rangi ndiyo inayoniudhi zaidi. Nilipoipaka injini yangu ya kwanza damu ya mzee, ileile ya reli yetu, mzee mmoja wa chama, fundi mstaafu wa kukereza chuma, aliigeuzageuza kiganjani kimya. Kisha akadondosha tone la kijivu kwenye kopo langu. Kitu kidogo kikipakwa rangi halisi huonekana cheusi kuliko kile kikubwa, lazima uififishe. Na punje ya vumbi jekundu la Voi, kule Kenya, huwezi kuipunguza. Unachopaka ni ule wekundu hafifu unaouona ukiwa mbali na njia, kwa brashi iliyokaribia kukauka, ukianzia chini kwenye magurudumu.

Mzee huyo alijifunza kwa kutazama picha za John Allen, muunda treni za mfano wa Monterey, California, aliyezichakaza treni zake makusudi ili zifanane na za kazini. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye reli yake ya mfano ikaungua. Mzee alipolisimulia hilo aliweka brashi chini.

Kiasi gani cha wekundu kinatosha? Mpaka leo nakisia. Mzee hakuamini mwanga wa taa, kwa hiyo kila nikimaliza naipeleka injini dirishani. Ya juzi imekuwa nyekundu mno. Kesho naifuta.