Je, wajua kwa nini mwigizaji hatembei mbele ya kamera kama atembeavyo jukwaani?

Ukikaa barazani Mji Mkongwe, Unguja, jua linapokuchwa, utaona kwamba watu wa mtaa humtambua mpita njia kabla sura yake haijadhihirika, na hata mwanamke aliyejifunika buibui na nikabu huitwa kwa jina na jamaa zake, kwa kuwa wameshamjua kwa mwendo. Utambuzi huo umepimwa kitaalamu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, aliweka nukta za mwanga kwenye viungo vya watu na kuwapiga picha wakitembea gizani, bila mwili wala nguo kuonekana, na waliotazama nukta hizo wakatambua mara moja kwamba ni binadamu anayetembea. Mwaka 1977 watafiti James Cutting na Lynn Kozlowski wa Marekani walionyesha kwamba kwa nukta kama hizo mtu huweza hata kumtambua rafiki yake, mara nyingi zaidi kuliko kwa kubahatisha.

Lugha yetu inalichukulia jambo hili kwa uzito, kwani neno mwenendo, yaani tabia ya mtu, lina asili moja na mwendo. Tunaye anayenyata, anayejikokota, anayechechemea, anayepepesuka na anayekwenda kwa madaha, na kila kitenzi kati ya hivyo ni nusu ya mhusika. Mwigizaji akikipata sawasawa, watazamaji hawahitaji kuelezwa mengi zaidi. Ikiwa ni hivyo, mbona mwigizaji hodari wa jukwaani akiitwa kwenye filamu kwa mara ya kwanza, hatua zilezile zilizoshangiliwa ukumbini huonekana za kujifanya? Jibu liko kwenye umbali kati yake na anayemtazama, na hasa kwenye nani anayebeba kazi ya kuuvuka umbali huo.

Jukwaani, anayeubeba ni mwigizaji mwenyewe. Katika ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, humo humo Mji Mkongwe, watu hukaa kwenye ngazi za mawe, na aliye ngazi ya juu kabisa anastahili kumwona mzee anayejikokota kama anavyomwona aliye mbele. Kwa hiyo mwigizaji hukuza kila kitu kwa kiasi: hugeuka kwa kiwiliwili chote badala ya shingo pekee, huanza hatua kwa uamuzi unaoonekana, na husimama kabisa anapotaka neno lake lisikike, kwa sababu macho hufuata kinachosogea, na mwenzake akitembea bila sababu huiba maneno ya anayesema. Hakuna wa kumsogeza karibu na mtazamaji. Miguu yake ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Taarabu asilia ina kanuni yake, nami naiona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya sanaa ya visiwa hivi. Mwimbaji hutulia mahali pake na wapigaji nyuma yake, na anayetembea ni mtazamaji: mwanamke akiguswa na ubeti huinuka, akaja taratibu na noti mkononi, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi kitini kwa madaha yaleyale. Ukumbi mzima humtazama, kwani safari hiyo fupi imekwisha kusema kwamba ubeti ule ni wake, au kwamba umemlenga mtu aliyemo humo humo.

Mbele ya kamera mzigo wa umbali huhamia kwenye lenzi, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mengi. Ngome Kongwe hiyohiyo hutumiwa na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na anayekaa kwenye ngazi zile akitazama skrini huona uso mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwili mzima wa mwigizaji aliyesimama pale jukwaani. Mtu anapotembea, kichwa chake hupanda na kushuka sentimita chache kwa kila hatua. Jukwaani hakuna anayelitambua hilo, lakini picha ikiwa ya karibu, kichwa hurukaruka ndani ya fremu, na ndiyo maana waigizaji wazoefu wa filamu hulegeza magoti kidogo na kuteleza kuliko kukanyaga.

Lenzi nayo hubadilisha mwendo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mpigapicha hana nafasi ya kurudi nyuma, hivyo hulazimika kutumia lenzi ya pembe pana, ambayo hukikuza mno kilicho karibu. Mwigizaji anayeijia huonekana kuongezeka haraka, kana kwamba anakimbilia, na huna budi kumwomba apunguze hatua. Mpeleke mtu huyohuyo ufukweni, umpige kwa mbali kwa lenzi ndefu, ile ivutayo vya mbali, naye atatembea na kutembea huku akionekana kama haendi popote. Mwendo wake haujabadilika hata kidogo, lakini maana yake imebadilika, na mwigizaji asiyeuliza ni lenzi gani inayotumika hucheza gizani.

Kasi ya picha pia ina neno lake. Filamu nyingi za zamani zisizo na sauti zilipigwa kwa picha pungufu ya 24 kwa sekunde, na zinapoonyeshwa kwa 24, kasi iliyokuwa kanuni baada ya sauti kuingia mwishoni mwa miaka ya 1920, watu waliomo hutembea kwa haraka isiyo yao. Kwa kasi hiyo ya picha 24, mtu wa hatua mbili kwa sekunde huwa na picha 12 tu kwa kila hatua.

Kisha kuna alama. Msaidizi wa mpigapicha hupima umbali kutoka kwenye kamera hadi mahali mwigizaji atakaposimama, na kubandika utepe sakafuni. Mwigizaji akisimama hatua moja mbele au nyuma, uso unaweza kuwa na ukungu. Katika kazi nyingi za wasanii wetu chipukizi nimeona mwigizaji akiinamisha macho kuitafuta alama hiyo wakati hasa anaotakiwa kumtazama mtu aliyemsaliti, na huumia kuona maneno mazuri yakipotea kwa sababu hiyo. Dawa yake hufanywa kwenye mazoezi: mwigizaji husimama juu ya alama, huenda kinyumenyume hadi anapoanzia huku akihesabu, tuseme hatua tisa, na hukariri pia ni mguu gani ulioanza, maana tukio hilohilo huenda likarudiwa mara nyingi, au likamaliziwa siku nyingine. Kwenye sakafu ya mawe yasiyo sawa, kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, huirudia safari hiyo mpaka miguu ifike yenyewe, nayo macho yabaki kwa mwenzake.