Je, wajua kwa nini uamuzi wa Maraga uliangusha soko la hisa la Nairobi?

Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8, ambao Rais Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi, ikaagiza Wakenya warudi kupiga kura ndani ya siku 60. Afrika haikuwa imeona mahakama ikifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Nje ya mahakama watu walicheza, na sifa zikamiminika kutoka ng'ambo. Kwenye Soko la Hisa la Nairobi bei ziliporomoka hadi biashara ikasimamishwa kwa muda, na hisa ya kampuni ya simu ya Safaricom ikashuka kwa karibu asilimia 10.

Mbona? Mahakama isiyomwogopa rais si ndiyo mwekezaji anayoitaka? Anaitaka, ila faida yake huiona baada ya miaka. Mchana ule alichopewa ni siku 60 za kutojua. Minara ya Safaricom ilikuwa palepale, wateja wa M-Pesa ni walewale. Lakini bei ya hisa ni makisio ya kesho, na kesho ilikuwa imefutwa.

Tuseme una hisa 1,000, umempigia dalali akuuzie kwa shilingi 25. "Kwa 25 hakuna mtu," anakwambia, "labda 24." Unasitasita. Mwenzako mwenye haraka anakubali 23 na nusu. Basi, bei ya soko sasa ni hiyo, hata kwa aliyelala nyumbani bila habari.

Wenye haraka zaidi huwa ni wawekezaji wa kigeni, nao wana sehemu kubwa ya biashara ya soko hili. Wao wanaogopa mara mbili: hisa ishuke, kisha shilingi nayo ilegee kabla hawajaibadili kuwa dola. Ndiyo maana wengine hutoka miezi kadhaa kabla ya kura, na kutoka kwao huko huko ndiko kunakolegeza shilingi. Ajabu ya woga huo!

Si woga wa bure, hata hivyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, reli ya kwenda Uganda iling'olewa pale Kibera, na petroli ikaadimika Kampala. Kisha Februari 28, 2008 Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakatia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Mwezi mmoja tu baadaye serikali ilitoa hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu wakapanga foleni, wengine na pesa za mkopo, hadi maombi yakazidi hisa mara kadhaa. Majeraha yalikuwa bado mabichi, lakini ilishajulikana nani anatawala. (Kabla mwaka haujaisha hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 5. Lawama hiyo nyingi ni ya msukosuko wa fedha duniani.)

Mwaka 2013 ndio unaonishangaza zaidi. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi Jumamosi, Machi 9, akiwa na kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na mpinzani wake Raila akasema atakwenda mahakamani. Jumatatu soko lilipofunguliwa, bei zilipanda.