Umefunga koki ya mita, mbona maji bado yanatoka?

Ilikuwa saa tano usiku simu ilipoita. Mama mmoja wa Tabata, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anahema. Bomba chini ya sinki limechomoka, jiko limejaa maji, watoto wanakinga kwa ndoo.

"Fundi, nimefunga pale kwenye mita mpaka mwisho, maji hayakati!"

"Mama, tenki liko wapi?"

"Juu ya mnara, nyuma ya jiko."

"Nenda kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki. Kuna koki ya mkono mwekundu. Izungushe mpaka mkono ulikate bomba kama msalaba."

Nikasikia kandambili zake kwenye kokoto, kisha kimya, kisha akashusha pumzi.

Yule mama hakukosea. Alifanya kile ambacho kila mtu huambiwa: maji yakikushinda, funga nje. Lakini nyumba nyingi za Dar es Salaam zina "nje" zaidi ya moja. Kwa sababu ya mgao, maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanapita kwenye mita, yanapanda kwenye tenki, na tenki ndilo linalolisha bafu, choo na jiko. Ukifunga koki ya mita umezuia tenki lisijae tena, basi. Lita 2,000 zilizoko juu zitaendelea kushuka zenyewe. Na kama una kisima, pampu nayo ni njia ya tatu: zima swichi yake kwanza, ndipo ushike koki. Kuna nyumba pia ambazo bomba la uani au la jikoni limeungwa moja kwa moja na laini ya mtaa, kwa hiyo hilo litafungwa na koki ya mita pekee. Jaribu leo, mchana, ukiwa huna haraka: funga moja, fungua mabomba yote, uone lipi limekauka.

Kuitafuta koki ya mita si kazi ngumu ukianzia kwenye mita yenyewe. Mara nyingi mita iko karibu na geti, au nje ya ukuta, wakati mwingine imepangwa pamoja na za majirani; hakikisha namba yake inalingana na ya kwenye bili yako kabla hujamkatia maji mtu mwingine. Utakuta koki mbili. Iliyo kabla ya mita, upande wa mtaa, ni ya mamlaka, usiiguse wala usikate sili. Iliyo baada ya mita, upande wa nyumba, ni yako. Kama haipo, na nimeona nyumba nyingi za namna hiyo, mwambie fundi aiweke. Ni kazi ndogo sana ukilinganisha na jiko lililofurika.

Kinachonisikitisha zaidi ni pevingi. Mtu anapendezesha uwanja, mafundi wanapanga matofali hadi ukutani, na koki inazikwa chini yake. Siku ya shida watu wanabomoa kwa sururu gizani. Kabla ya kupanga pevingi, jengea chemba ndogo yenye mfuniko, mkono uweze kuingia na kugeuka.

Sasa koki yenyewe. Ya mkono mrefu hufungwa kwa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukilikata yamefungwa. Ya gurudumu, tunayoiita geti valvu, ina ulimi ndani unaoshuka kidogo kidogo. Unaizungusha mara nyingi, kuelekea mshale wa saa unaendako. Hii haitakiwi kuachwa nusu. Maji yanayopita kwa kasi chini ya ulimi huutikisa na kuula, na siku ukiifunga haizibi. Ukishaifungua yote, irudishe nyuma kidogo ili isikwame. Ikiwa imeganda usiing'ang'anize kwa spana kubwa, kwa sababu msumari wake, yaani chuma kinachopandisha na kushusha ulimi, ukikatika, bomba linabaki wazi huku huna cha kufungia. Kwenye maji ya chumvi ya visima, kama ya Kigamboni, huganda haraka zaidi. Huko mimi huweka ya mkono, ya shaba nzito au ya plastiki imara, na ninawaomba wenye nyumba waifunge na kuifungua kila mwezi ili isizoee kukaa.

Koki ya mita inakusaidia pia kumtafuta mwizi wa bili. Funga mabomba yote, subiri tenki lijae, kisha tazama kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapita. Funga koki yako ya baada ya mita. Kikisimama, uvujaji uko upande wako. Kabla ya kuchimba popote, panda ukaangalie floti ya tenki, ile inayoelea na kuziba maji tenki likijaa. Ikishindwa kuziba, maji humwagika usiku kucha kupitia bomba la kutolea maji ya ziada, wakati presha imepanda na umelala. Tenki la lita 2,000 likimwagika lote ni uniti 2 umezilipia.

Wakati wa kufungulia tena, usifungue kwa pupa. Fungua kwanza bomba moja la chini, la uani kwa mfano, kisha geuza koki taratibu. Utasikia hewa ikikohoa, maji yatatoka ya kahawia kidogo, kisha yatakuwa meupe. Hapo ndipo ufungue yote, uwashe pampu, na mwisho kabisa hita ya bafuni, ukishaona maji yanatoka kwenye shawa.