Wageni wa Wiki Mbili: Dhana na Ukweli Kuhusu Vijana wa Misheni na Watoto Wetu

Kila Julai, shule za Marekani na Ulaya zikishafungwa, utawaona uwanja wa ndege wa Nairobi: vijana ishirini hivi wa kanisa moja, fulana za rangi moja, masanduku yamejaa puto na penseli. Wanakuja kuhudumia watoto, hasa wa kwenye makao ya kulelea watoto. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na nimewatafsiria mara nyingi. Wengi wana moyo safi. Siku hizi hata makanisa yetu hupeleka vijana Uganda na Sudan Kusini, na dhana zinazosafiri nao ni zile zile.

“Watoto wa kwenye makao ni yatima, hawana mtu.”

Hapa ndipo penye shina la mambo yote. Katika hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake anauza sukuma wiki sokoni kila siku anaweza kuhesabiwa yatima. (Ndugu zetu Waislamu nao humwita yatima aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, mama awepo asiwepo.) Wengi walioko kwenye makao wana mzazi, nyanya au shangazi. Kilichowafikisha pale ni karo, njaa, ulemavu usio na huduma karibu, au ndoa iliyovunjika.

Sasa wageni wakifika na michango, makao yanapata sababu ya kuongeza watoto, si ya kuwarudisha kwao. Serikali ya Kenya ililiona hilo: Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwapeleka katika familia. Kundi linalopanga kuja lina maswali mawili ya kumuuliza msimamizi: je, mmesajiliwa, na mwaka jana watoto wangapi walirudi kwa jamaa zao? Anayekasirikia swali la pili amekwisha kulijibu.

“Upendo wa wiki mbili ni bora kuliko kukosa kabisa.”

Mgeni anashuka kwenye gari, mtoto asiyemjua anamrukia na kumng’ang’ania shingoni. Mgeni anaona furaha. Walezi wenye uzoefu wanaona dalili ya kukosa mlezi wa kudumu, kwa sababu mtoto aliyelelewa na mama yake, akimwona mgeni, kwanza hujificha nyuma ya kanga ya mama. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi za Bucharest, Romania. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walikuwa na maendeleo mazuri zaidi, hasa waliotoka kwenye taasisi kabla ya kufikisha miaka miwili. Kilichowafaa ni mtu mzima yule yule, leo na kesho.

Nakumbuka binti wa miaka minne ambaye, kundi moja lilipoondoka, alimwita kila mgeni mwenye nywele ndefu kwa jina la msichana aliyekuwa akimbeba. Aliliita jina hilo hadi Krismasi.

“Ni vijana wa kanisa, hawana haja ya kuchunguzwa.”

Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma ilimfunga kijana Mmarekani miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao aliyokuwa akijitolea hapa Kenya. Naye alionekana mtu wa imani. Cheti cha mwenendo mwema kiombwe kabla ya tiketi kukatwa, na mgeni asiachwe peke yake na mtoto, hata dakika ya kumpeleka msalani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lenyewe, katika azimio la Desemba 2019 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, liliyataka mataifa yashughulikie madhara ya watu kwenda kujitolea kwenye makao ya watoto.

“Picha ni ushuhuda tu.”

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya picha ya mtoto kutumiwa. Nawe jiulize kama ungependa mwanao aonyeshwe ukutani kanisani ugenini akiwa na kamasi puani.

“Basi wasije kabisa.”

Hapana, hili nalo silikubali. Wakija Agosti, shule zetu zikiwa zimefungwa, hawamtoi mtoto darasani. Wakisaidia shule ya Biblia ya likizo inayoongozwa na walimu wa hapa, watoto wakirudi kwao jioni kula na mama, madhara ni madogo na vicheko ni vya kweli. Masanduku ya nguo wayaache. Gulio letu lina mitumba ya kutosha.

Kundi moja lilituuliza mapema tunahitaji nini. Tulikuwa na watoto wawili viziwi darasani na hakuna mwalimu aliyejua kuzungumza nao, basi tukaomba nauli za vijana zigharamie mwalimu wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Walikuja watu wanne badala ya ishirini na wawili. Walikaa nyuma ya darasa na walimu wetu, wakijifunza ishara za “maji” na “njoo” pamoja nasi, na siku ya kuondoka hakuna mtoto aliyepangwa mstari kuwaimbia.